Doa la Ndizi

Doa la ndizi lina hila. Likiwa bichi halionekani, nguo inakuwa na unyevu tu, ukadhani ni mate ya mtoto. Lifue kwa sabuni, lianike juani, ndipo linapoamka: kahawia kwanza, kisha jeusi. Likishaamka halilali tena. Wanawake wote wa Marani wanalijua hilo, lakini hakuna aliyelijua kama Nyangate, maana tangu mwanawe atoke hospitali hakuwa na kazi nyingine mtoni ila kupigana nalo.

Alhamisi hiyo alikuwa amepiga magoti juu ya jiwe, kifulana cheupe mkononi, anasugua. Alikuwa ameshakiloweka katika maji ya majivu. Alikuwa ameshakipiga sabuni ya mche mpaka ngozi ya vidole ikaanza kutoka. Doa lilikuwa pale pale kifuani, chini ya ukosi, linamtazama.

"Utakitoboa, wewe!" alisema Gesare, mke wa Ombui, jirani yao, aliyekuwa akifua mablanketi upande wa chini. "Weka hiyo sabuni kando. Sabuni ndiyo inayoliamsha. Kamua ndimu, tia chumvi, uliachie jua."

"Jua halitawahi. Kesho ni Ijumaa."

"Na Ijumaa kuna nini?"

"Baba Mogire anakuja."

Gesare akaacha blanketi likaelea. Hakuuliza tena. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia alichosema Onyancha, mume wa Nyangate, siku ile mtoto wao Mogire alipokuwa wodini, sindano kichwani, macho yamezama kwa kuhara. Daktari alikuwa amesema wazi: ziwa la mama, uji mwepesi uliochemka, kijiko safi, basi. Asilishwe kwa vidole. Asitafuniwe chakula na mtu. Onyancha akatoka nje na kusema mbele ya watu, bila hata kushusha sauti: "Ng'ombe nilitoa, mtoto ni wa boma langu. Akilishwa ovyo tena, wewe Nyangate utarudi kwenu Nyansiongo, na mtoto atabaki na mama yangu."

Atabaki na mama! Hapo ndipo palipomtoa Nyangate usingizi. Kwa maana yeye hakuwa akimlisha mtoto ndizi. Kila asubuhi alikwenda kuchuma chai, akamwacha Mogire kwa mama mkwe na kibuyu cha uji uliochemka vizuri. Aliporudi alikuta uji umejaa vile vile na kifulana kina unyevu kifuani.

"Dada, mwambie mumeo," Gesare alisema polepole.

"Nimwambie nini? Kwamba mama yake, shemasi wa kanisa, ni mwongo?"

"Mwonyeshe kifulana."

"Ataona doa tu, Gesare. Doa halina jina la mtu. Atasema ni mimi."

Gesare akatikisa kichwa. "Ee, Nyasae, Mungu wangu! Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe unakifulia." Alifungua pindo la leso yake, akatoa ndimu mbili, akamrushia.

Jioni hiyo Nyangate alijikaza akaenda nyumba ya mama mkwe. Alisimama mlangoni, macho chini, kama inavyompasa mke wa mwana. Drusilla alikuwa ameketi karibu na mafiga, Mogire amelala mapajani mwake, midomo inang'aa. Drusilla alikuwa mwanamke mrefu, shemasi wa kanisa la Wasabato, na kunong'ona hakukujua. Hata maombi yake yalisikika ng'ambo ya mto.

"Mama, mtoto ameshindaje?"

"Ameshinda vizuri. Amecheza, amelala. Si unamwona?"

"Uji alikunywa?"

"Uji gani? Yale maji? Ameyatema."

Maneno aliyokuwa ameyapanga Nyangate njia nzima yakamkimbia. "Mama, nilikuwa nasema... daktari alikataza kumtafunia."

"Nani amemtafunia?"

"Simsemi mtu, mama. Nauliza tu."

"Unauliza tu!" Drusilla aliinua uso. "Mimi, na mvi hizi, niulizwe na msichana tuliyemtolea ng'ombe? Umeniona?"

"Hapana, mama."

"Basi! Onyancha unayemwona na mabega yale, alikula chakula cha kijiko? Alikula kutoka kinywani humu." Hapo akajua yamemponyoka. Akamfunika mtoto vizuri, kisha akasema kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyotisha: "Usimpelekee mwanangu maneno ya jikoni. Ukifungua kinywa, na mimi ninacho. Nitasema unamwachia mtoto uji uliochacha, unakimbilia chai yako."

"Ndiyo, mama."

Ndiyo gani hiyo? Ndiyo ya woga. Lakini asikudanganye mtu, hata Drusilla aliogopa. Alimwogopa mwanawe, na zaidi aliziogopa mbavu za mjukuu wake, ambazo kila alipomwogesha zilimjia mkononi. Mtoto akilia, yeye alisikia njaa. Daktari yule alikuwa kijana hata ndevu hana, naye angemfundisha Drusilla nini juu ya watoto?

Onyancha aliingia Ijumaa kabla jua halijazama, mkate kwapani, vumbi la barabara ya Kisii mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtunza stoo katika duka la jumla la Shueib mjini, na kazi hiyo ilikuwa imemzoesha kukagua. Hakukaa. Alimchukua mtoto, akamgeuza, akamnusa mdomo, akamkandamiza tumbo. Kisha akaenda kwenye ua wa nyuma, akapitisha macho kwenye nguo zilizoanikwa, moja moja, kama anayepokea magunia.

Nyangate alimfuata nyuma. Kifulana kilikuwa pale. Ndimu na chumvi na jua la kutwa vilikuwa vimelififisha doa mpaka likawa kama kivuli. Onyancha alikishika, akakitazama, akakiachia.

"Mikono yako ina nini?"

"Ni sabuni tu."

"Sabuni haichubui mikono ya watu. Mtoto anahara?"

"Hapana."

Alisema hapana haraka mno. Mchana ule ule alikuwa amebadilisha nepi za Mogire mara nyingi kuliko kawaida, na ya mwisho ilikuwa maji matupu. Alitaka kusema. Mungu anajua alitaka. Lakini aliiona Nyansiongo, akajiona anashuka kule na sanduku lake la bati bila mtoto mgongoni. Akajiambia kwamba kesho tumbo litatulia. Watu wazima hujidanganya hivyo kila siku, na huwa hakuna mtu wa kuwaambia.

Onyancha akamega mkate, akampelekea mama yake kwanza.

Kanisani Sabato ile kulikuwa na Meza ya Bwana, na Drusilla alikuwa amevaa gauni lake jeupe la ushemasi, limepigwa pasi likasimama lenyewe. Mogire alikuwa na kile kifulana. Mahubiri yalipofika katikati, mtoto akaanza kulia, kilio chembamba cha kuchoka. Nyangate akafungua ziwa, mtoto akalikataa.

"Mlete," alisema Drusilla, na kanisa zima likasikia. Alimbeba akatoka naye nje, mkoba wake begani.

Nyangate alibaki kwenye benchi la wanawake. Ainuke? Shemasi amembeba mjukuu wake, wewe mke wa mwana unamfuata nyuma kama askari? Onyancha alikuwa upande wa wanaume, macho mbele. Nyangate hakuinuka. Kilio kile nje kikakatika ghafla, nao wanawake wenzake wakatabasamu kwamba bibi anajua kubembeleza. Yeye peke yake ndiye aliyebaki amekunja vidole.

Drusilla aliporudi, alikuwa amejifunga leso kiunoni juu ya gauni jeupe, ingawa hapakuwa na baridi wala mvua. Mtoto alikuwa kimya. Nyangate akampokea, akapitisha kidole chini ya ukosi wa kifulana. Pamelowa. Akanusa kidole. Ndizi.

Walipofika nyumbani hakungoja hata kuvua viatu. Alimvua mtoto kifulana, akamfunga katika kitambaa, akamlaza, akachukua beseni na ndimu iliyobaki akazunguka nyuma ya jiko. Alijua ni Sabato. Alijua kufua Sabato ni dhambi ambayo hata watoto wadogo huikwepa. Lakini akilifua sasa, likiwa bado maji, halitaamka. Jioni litakuwa limechelewa. Akamimina maji. Akasema, "Nisamehe, Bwana," akashika kifulana.

"Mama Mogire!"

Drusilla alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko, mkono juu ya leso yake.

"Unafanya nini?"

"Naloweka tu, mama."

"Sabato! Katika boma langu! Pastori akipita hapo njiani aone nini? Umetoka mezani pa Bwana sasa hivi, mkate hata haujashuka tumboni, unashika beseni!" Alikuja akalimwaga lile beseni kwa mguu. "Anika hicho kitu kama kilivyo. Jua likizama utafua mpaka uchoke."

"Mama, hiki hakiwezi kungoja."

"Sabato haifuliwi."

Nyangate alitaka kumwuliza kama kusema uongo kunaruhusiwa Sabato, lakini hiyo ilikuwa lugha ya Gesare, si yake. Akakitandaza kifulana juu ya ua, kikabaki pale juani, cheupe pe.

Alasiri Mogire alilegea. Hakulia tena, na hilo ndilo lililomtisha Nyangate kuliko kilio. Alihara maji, akahara tena, kisha akawa analala macho nusu wazi. Ukibana ngozi ya tumbo, inabaki imesimama. Nyangate akapiga ukelele. Onyancha alitoka ndani bila shati, akamtazama mtoto mara moja tu, akakimbia sokoni bila viatu.

Alirudi na pikapu ya Farah, mwenye duka la vitambaa pale Marani. "Pandeni," Farah alisema, hata injini hakuizima. "Mama mzee, kaa mbele na mtoto. Upesi!"

"Ninambeba mimi," Nyangate alisema, akapanda mbele kabla ya mtu kumjibu. Alikuwa amenyakua kwenye ua nguo ya kwanza aliyoiona kavu, akamvisha mtoto njiani bila kuitazama. Ilikuwa kile kifulana. Drusilla na Onyancha wakakaa nyuma, na njia nzima hadi Kisii walisikika wakiomba, mmoja kwa sauti kubwa na mwingine kwa ndogo.

Katika wodi ya watoto, sista alimlaza Mogire kwenye kitanda cha dirishani, akaagiza maji ya kutundika. Alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka, na kwa hiyo alitia moyo.

"Amekula nini?"

"Uji," Nyangate alisema. "Na ziwa."

"Na nini kingine?"

Onyancha alimgeukia mkewe. Drusilla alisimama upande wa miguu ya kitanda, mikono ameikunja mbele ya leso.

"Mama, mimi si polisi," sista alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Niambie nimsaidie." Alipokuwa akisema hivyo alikuwa anamvua mtoto kifulana, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Na hii je?"

Kifuani pote, kuanzia ukosi hadi kitovuni, palikuwa na kahawia iliyokolea, pembeni nyeusi. Kwa mchana mmoja doa lilikuwa limeamka lote.

"Hii ni ndizi," sista alisema. "Na mimi nafua nguo za wanangu."

Onyancha alikichukua kifulana. Alikishika kwa vidole viwili, akamtazama mkewe, na alipofungua kinywa hakumwita Mama Mogire.

"Nyangate. Ndizi?"

"Si mimi."

"Nilikuuliza jana. Nilikuuliza kama anahara, ukasema hapana. Ulinidanganya usoni." Akina mama wa vitanda vingine walikuwa wameacha kunyonyesha, wanasikiliza. Onyancha aliwaona na hakujali; labda aliwataka. "Sista, na nyinyi nyote mashahidi. Kesho huyu anakwenda kwao. Mtoto akipona, atalelewa na mama yangu."

Nyangate akashika chuma cha kitanda. Alimwogopa mume wake. Alimwogopa Drusilla. Aliwaogopa hata wale wanawake wasiomjua, waliokuwa wanamtazama kama muuaji. Lakini akaona wiki ijayo, na ile ya baada yake, Mogire amelala mapajani pale karibu na mafiga, midomo inang'aa, na yeye hayupo. Hofu hiyo ilizimeza zote.

"Mama," alisema. "Tafadhali, fungua leso."

"Unamwambia nani hivyo?" Onyancha aliinua mkono.

"Mimi ndiye ninayefua nguo za mama kila wiki. Najua linapokaa. Fungua leso, mama."

Mkono wa Onyancha ulibaki hewani. Drusilla angeweza kumtukana. Angeweza kutoka nje akiwa na heshima yake yote, na hakuna ambaye angemzuia, si mwanawe wala sista. Lakini wakati huo huo sindano iliingia kwenye kichwa cha mtoto, naye akatoa sauti ndogo, isiyofika hata kuwa kilio. Drusilla akaitazama mikono yake kana kwamba imemchosha. Akalifungua fundo.

Gauni jeupe la ushemasi lilikuwa na doa mapajani, kahawia, pana, pembeni jeusi.

"Alilia kanisani," alisema. Mara hii ilibidi watu watege masikio. "Alikuwa na njaa, Onyancha. Nilimtafunia kidogo. Nilizika wawili mimi, kabla yako, wote wakiwa na mbavu kama zake. Nilidhani ninamwokoa."

"Kila siku, mama?"

"Kila siku."

Onyancha alimtazama mama yake, akatazama kifulana, akatazama chini. Yeye aliyekuwa mwepesi wa kurudisha watu kwao, mama yake angemrudisha wapi? Alikiweka kifulana kitandani, taratibu, akatoka nje.

Jumapili asubuhi sista alishika nepi ya Mogire akaangua kicheko. "Amekojoa! Mama, amekojoa!" Nyangate aliposikia hivyo akalia kwa sauti, akalia mpaka mama wa kitanda cha pili akaja kumshika mabega. Mtoto alikuwa bado dhaifu, lakini macho yalikuwa yamerudi mahali pake, na ziwa alilipokea.

Alipolala, Nyangate alikusanya nepi akaenda kwenye bomba la uani, ambako akina mama hufulia. Drusilla alimfuata. Alikuwa amelala sakafuni chini ya kitanda, gauni jeupe limekunjamana, na leso hakuifunga tena.

"Lete kifulana," alisema. "Nitakifua mimi. Nimeomba ndimu jikoni."

Nyangate alikuwa bado anaogopa. Woga wa mwaka mzima hauishi kwa asubuhi moja. Lakini alikivuta kifulana kutoka kwenye beseni, akakishika kifuani.

"Hapana, mama. Hiki tukiache hivi hivi."

"Watu watakiona."

"Ndiyo, mama. Wakione."

Drusilla alibaki na ndimu mkononi. Hakugomba. Aliinama akashika nepi moja, akaanza kuifikicha.

Onyancha alitokea upande wa lango, macho mekundu, shati la kuazima kwa rafiki yake. Alikuwa ameshika kitu kilichofungwa katika gazeti. Alikifungua mbele yao kwa haya: mche mzima wa sabuni.

"Nimeleta sabuni," alisema.

Wanawake wawili wakamtazama.

"Ndizi haitoki kwa sabuni, mwanangu," Drusilla alisema.

Onyancha akakuna shingo. "Sikujua."

"Baba Mogire," Nyangate aliita. "Leo ninakwenda kwetu au siendi?"

"Aa, hayo yameisha. Mtoto amepona. Tusiyarudie."

"Hayajaisha. Uliyasema mbele ya wodi nzima. Hawajasikia ukiyafuta."

Onyancha alitaka kukasirika, usoni ilionekana. Akamtazama mama yake amsaidie, kama alivyozoea. Drusilla hakuinua kichwa.

"Nenda ukaseme," alisema, akiwa anakamua nepi. "Sema na kosa langu pia."

Onyancha akageuka kuelekea wodini, akitembea polepole, sabuni bado mkononi, na Nyangate akamfuata nyuma na kifulana.